Bibi Mmisionari Hataki Jeneza

Jumatatu, 3 Juni

Nimeipata! Mimi ndiye Bibi Mmisionari.

Mwalimu wa kwaya ametangaza leo jioni mbele ya sauti zote nne. Ni mchezo mzima wa nyimbo, ameutunga yeye mwenyewe. Bibi anashuka melini na sanduku la vitabu, hana mume wala ndugu. Anajenga shule ya wasichana ya kwanza huku wazee wakimwambia anapoteza muda wake. Anawauguza wagonjwa wa homa, mwisho homa inamchukua na yeye. Yote hayo nitakuwa mimi. Mimi wa sauti ya pili, mstari wa nyuma, karibu na mlango wa stoo.

Kila mtu alijua nafasi hiyo ni ya Zumari. Zumari ni msusi, ana saluni nyuma ya soko, na jina hilo amelipata kwa sababu ya koo lake. Akipanda juu, hata wapita njia husimama. Sauti yangu mimi haijawahi kusimamisha mtu. Lakini mimi ni fundi cherehani, na gauni la Bibi nimelishona mimi. Nimelishona fupi. Kwangu linakaa barabara, linafika kwenye kifundo. Zumari mrefu yule! Alipolijaribu leo, miundi yote nje. Mwalimu akauliza kama laweza kuongezwa. Nikasema kitambaa kimekwisha, na dukani nako kimekwisha. (Kipande kilichobaki kiko chini ya godoro langu.) Mwalimu akalitazama gauni, akaitazama miundi, akamfikiria Mchungaji kwenye kiti cha mbele. Basi, kazi ikawa imekwisha.

Zumari hakununa. Alinikumbatia, akanipongeza, akatabasamu. Lile tabasamu sikulipenda hata kidogo. Mtu aliyenyang'anywa tonge mdomoni hatabasamu vile.

Nimempigia Mama simu. Anakaa kwa dada yangu mkubwa, mji mwingine. Akaniuliza kama nitasimama nyuma kama kawaida. Tangu nikiwa mtoto ananiambia niimbe polepole nisiwaharibie wenzangu, na nimeimba polepole mpaka nimeota mvi. Nikamwambia safari hii aje tu, ataona. Mtoto wa jicho amemzidi, macho yote mawili, na upasuaji anaukataa kila mwaka, eti jicho halichezewi kisu. Dada ameahidi kumkalisha mbele kabisa. Nataka Mama anione mbele ya watu, mara moja tu, kabla hatujafa, yeye au mimi.

Sijui kwa nini nimeandika hivyo. Ningefuta, lakini ni wino.

Jumanne, 4 Juni

Mchezo sikuwa nimeusoma mpaka mwisho. Nani husoma mpaka mwisho? Nilikuwa nahesabu nyimbo zangu tu.

Leo sindano ya cherehani imekatika, nikakaa kusoma. Ukurasa wa mwisho: Bibi anafariki. Sawa, hiyo niliijua. Anawekwa ndani ya jeneza. Kifuniko kinafungwa. Wanaume sita wanalibeba jeneza kuzunguka ukumbi mzima, kwaya ikiimba beti zote. Pazia.

Kinafungwa. Nimelisoma neno hilo mpaka herufi zikaanza kucheza.

Hili sijamwambia mtu yeyote. Nilipokuwa mdogo tulicheza kujificha, nikaingia kwenye sanduku la shuka la Mama. Likajifunga. Niliwasikia wenzangu wakichoka na mchezo, nikawasikia wakiitwa kula, nikawasikia wakila. Hakuna aliyenitafuta. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Mama alilifungua kwa sababu alihitaji shuka. Tangu siku hiyo lifti sipandi, na mlango wa choo naurudisha tu, siufungi, jambo ambalo limeleta aibu zake.

Nimemwambia mume wangu kwamba lile jeneza silipendi. Yeye ni mmoja wa wabebaji. Akasema hajapata kukutana na mtu anayelipenda. Kisha akaniuliza siku hizi nina kilo ngapi, ili ajiandae.

Alhamisi, 6 Juni

Seremala amekuja kunipima. Ndiye seremala wetu wa kanisa, mtu mpole, haongei. Alinipima kichwa mpaka kisigino, akanipima mabega, akarudia mabega, akaguna, akaandika kwenye kipande cha ubao. Nimewapima watu maisha yangu yote, sikujua kupimwa kunauma hivi.

Nikamuuliza kama atatengeneza la maboksi, jepesi, lenye matundu. Akasema hana haja ya kutengeneza, analo tayari. Aliagizwa na familia moja ya mtaa wa pili kwa ajili ya babu yao, babu akapata nafuu, na wao wakakataa kulipeleka nyumbani. Limekaa karakana tangu mwaka jana. La mbao nzito, vishikio vya shaba. Akasema vipimo vyangu vinaingia, labda mabega yabane kidogo.

Kwa hiyo nitalala ndani ya jeneza lililomkosa mwenyewe. Jeneza lenye njaa.

Nikatoka mbio kwenda kwa mwalimu. Nimempa mapendekezo mazuri kabisa, ya mtu aliyefikiri. Kwanza, Bibi asife, apande meli arudi kwao huku akipunga leso. Mwalimu akasema alikufa, na yeye hana la kumfanyia. Pili, afe, lakini azikwe kwa shuka tu, maana alikuwa mtu asiye na makuu. Mwalimu akasema Mchungaji ameshaambiwa kuna jeneza na amefurahi. Tatu, afe nje ya jukwaa, aje mtu atoe taarifa. Hapo mwalimu akavua miwani, akaniuliza kwa upole kama naona nafasi hii imenizidi, kwa sababu Zumari bado yupo, na gauni si Biblia, laweza kushonwa lingine.

Nikacheka. Nikamwambia jeneza ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Jumamosi, 8 Juni

Mazoezi na jeneza. Lilikuwa juu ya benchi mbili, katikati ya ukumbi, limepigwa rangi mpya. Yule babu aliyepata nafuu naye alikuja, akakaa pembeni na fimbo yake kutazama. Akasema mbao ni nzuri, hawakumbania.

Nilipiga moyo konde. Nikaingiza mguu mmoja. Ule wa pili ukakataa. Nikasema nimekamatwa na msuli. Wakanikanda. Nikaingiza wa pili. Nikalala. Mabega yakabana kama alivyosema seremala. Juu yangu nikaona dari, feni, na kidevu cha mume wangu kwa chini, ambacho hakipendezi kwa upande huo. Nikasema moyoni, wewe ni mama wa watu wazima, hebu tulia. Kisha kifuniko kikaanza kuja, na dari ikawa inapungua.

Sikumbuki nilivyoinuka. Nasimuliwa. Nasikia nilisimama wima ndani ya jeneza, mikono juu, nikatoa sauti moja ndefu ambayo sauti ya pili haijapata kuitoa tangu kwaya ianzishwe. Kifuniko kilimpata seremala kidevuni. Kwaya nzima ilikimbia, na mwimbaji mmoja wa besi aliacha kiatu.

Walipoanza kurudi mmoja mmoja nikawaambia nilikuwa naonyesha roho ya Bibi ikipaa. Mtu hakosi la kusema akiwa na maji ya shingo. Mwalimu akasema roho haimo kwenye mchezo. Lakini akaendelea kulitazama lile jeneza, akavuta kiti, akakaa peke yake, akawa anaimba kitu puani na kuandika andika. Nikajua ananiandikia barua ya kunitoa.

Zumari aliniletea maji. Akanishika bega, akasema pole dada. Dada! Ananishinda kwa kila kitu, na sasa ananishinda kwa huruma.

Jumatatu, 10 Juni

Usiku sikulala, lakini asubuhi akili ikanijia. Wanadamu tumejaliwa.

Hatua ya kwanza: sauti imenikauka. Nimejifunga mtandio shingoni, nimemtumia mwalimu ujumbe kwamba sitahudhuria mazoezi mpaka koo lipone, ila nyimbo zangu zote nazijua. Akajibu haraka mno kwamba nipumzike, nisijali. Haraka ile nayo imenitia hofu.

Hatua ya pili: saluni kwa Zumari. Alikuwa anamsuka mteja, chanuo mdomoni. Nikazungumza kwa kunong'ona, kama mgonjwa. Nikamwambia nimemwonea huruma, mtu mwenye kipaji kama chake kukosa kabisa nafasi ya Bibi. Nikamwambia nimeamua kumgawia. Yaani mimi nitakuwa Bibi aliye hai, na yeye atakuwa Bibi aliyefariki. Akiwa ndani kifuniko kimefungwa, hakuna atakayejua ni nani, hata asihangaike na gauni. Na kwa wembamba wake, wabebaji watamshukuru mpaka uzeeni.

Nilitegemea atanicheka. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Zumari akatoa chanuo mdomoni, akafikiri kidogo, akasema amekubali. Masharti yake ni mawili tu, yeye mwenyewe atamwambia mwalimu, na nikishampa jeneza nisije nikalidai tena. Nikamwapia mbele ya mteja kwamba jeneza ni lake, kuanzia leo mpaka pazia lifungwe. Mteja akaomba kubadilishiwa kiti.

Nimerudi nyumbani nacheza. Mjinga yule! Mwenye sauti kama ile anakubali kwenda kulala kimya ndani ya sanduku, na mimi ndiye nimebaki na nyimbo.

Ila kwa nini alikubali upesi hivyo?

Jumatano, 12 Juni

Bado nina mtandio. Joto.

Mwalimu ameleta kazi. Joho jeupe, refu, mikono mipana, linahitajika haraka. Vipimo kaviandika kwenye karatasi. Nikamuuliza ni la nani, akasema ni la malaika, akaangalia pembeni. Sikujua kuna malaika, lakini kwaya yoyote haikosi malaika. Kitambaa kilipungua kidogo. Nikafunua godoro, nikatoa kile kipande, nikakiunga kwenye pindo. Limetoka zuri, sijisifu. Likitundikwa mlangoni linatisha, kwa sababu lina urefu wa mtu halafu mtu hayumo. Nimeligeuza likatazama ukuta.

Mume wangu amerudi kutoka mazoezini anapiga mluzi. Nikamuuliza sehemu ya jeneza inakwendaje. Akasema inakwenda vizuri sana. Nikauliza vizuri namna gani. Akasema mwalimu amewaapisha wote wasiseme, nitaona mwenyewe. Nikamkumbusha mimi ni mke wake. Akasema ndiyo sababu hasa. Kisha akaenda kuoga, na huko bafuni akaendelea na ule wimbo wake. Siujui. Najua nyimbo zote za mchezo, na ule siujui.

Hofu nyingine imenijia jioni. Mama! Mama ana moyo mwepesi. Ataona Bibi amekufa, ataona jeneza, atadhani mwanawe kweli kaondoka, atapiga ukunga ukumbi mzima. Nimempigia dada haraka. Nikamwambia amweleze Mama mapema kwamba wa ndani ya jeneza ni mimi, na nipo hai, asishtuke. Sikumwambia dada habari za Zumari. Sitaki Mama asikie kwamba nimepewa nafasi halafu nikagawa kwa woga. Dada amesema atamweleza vizuri, tena mara mbili, maana Mama siku hizi ukimwambia jambo hulishika moja kwa moja.

Jumamosi, 15 Juni

Koo limepona. Mazoezi ya mwisho, na mavazi. Tulipofika kitandani, Bibi anapofariki, mwalimu akapiga makofi, akasema inatosha, mwisho wamekwisha kuufanya vya kutosha, watu wakapumzishe sauti. Nilitaka kumkumbatia. Hata kulitazama lile jeneza sikulazimika. Lilikuwa nyuma ya pazia, nimefunikwa shuka. Limefunikwa! Limefunikwa shuka. Angalia mkono huu unavyoandika.

Mama amefika na dada. Amepungua. Nilipompokea alinishika uso kwa viganja vyote viwili kujua ni mimi, akasema nimenenepa. Baada ya chai akaomba kulishika gauni la Bibi. Akapitisha vidole kwenye vifungo, kimoja kimoja, mpaka shingoni. Akauliza ni kweli nitasimama mbele. Nikasema kweli. Akauliza kama naogopa. Nikasema siogopi hata chembe. Akasema yeye anaogopa kwa niaba yangu tangu aliposhuka kwenye basi, na chai haikupita.

Nikaenda jikoni kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Jumapili, 16 Juni

Ni jioni, nimejifungia chumbani. Sijafunga, nimerudisha.

Ukumbi ulijaa leo mchana mpaka watu wakakaa madirishani. Mama kiti cha mbele, kitambaa kipya kichwani, shingo ameinyoosha kama anayesikilizia mlango. Nilipomwona kwenye upenyo wa pazia nikamshika mwalimu mkono. Nikamwambia mwalimu siwezi. Akanisukuma.

Nilishuka na sanduku la vitabu. Mpaka hapo vizuri. Wimbo wa kwanza nikauimba, lakini sauti ikatoka ya kukwaruza, ndogo, kama mtu anayeita paka. Vipaza sauti navyo vikaanza kunguruma. Kwenye wimbo wa shule nikasahau ubeti wa pili nikarudia wa kwanza, kwa hiyo nilifungua shule mara mbili, na wazee wakalazimika kunikataza mara mbili. Kwenye homa nikasahau kabisa, nikawa nawafunika wagonjwa shuka na kutikisa kichwa mpaka kwaya ikanipita. Watu hawakucheka. Afadhali wangecheka. Nilimtazama Mama. Alikuwa anapepesa macho kushoto na kulia, kama ananitafuta.

Nikafa. Hapo nilifanya vizuri, wote wanasema. Pazia likashuka, nikaruka kutoka kitandani, nikamwona Zumari anaingia jenezani kama mtu anayepanda kitanda chake, ndani ya koti refu. Akanikonyeza. Seremala akafunga. Mimi nikasimama stoo, mlango wazi, mkono kifuani, nikimshukuru Mungu kwamba si mimi niliye mle.

Wanaume sita wakalibeba. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wakalirudisha jukwaani, wakaliweka. Nikangoja pazia. Pazia halikushuka. Kinanda kikaanza ule wimbo. Ule wa bafuni.

Kifuniko kikafunguka chenyewe. Koti lilikuwa halipo. Zumari akainuka polepole, amevaa joho langu, lile la malaika, limemfika mpaka vidoleni bila hata muundi kuonekana. Akainua mikono yote miwili juu, vilevile nilivyoinua mimi siku ile. Kumbe barua aliyokuwa anaandika mwalimu ilikuwa wimbo. Mimi nimempa wazo, mimi nimempa mwimbaji, mimi nimeshona na nguo!

Akaimba. Sitasema aliimbaje. Kwa saa hizi bado nausikia, na nimejaribu kuuchukia nimeshindwa. Watu walisimama, Mchungaji akasimama, yule babu akasimama bila fimbo. Na Mama alisimama, amemshika dada mkono, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Nikataka kutoka, nikae hata pembeni pale jukwaani, maana Bibi ni mimi. Wabebaji wakawa wamejaa mlangoni wanalia. Mume wangu ndiye aliyeniziba. Nikamsukuma mgongoni, akadhani namfariji, akanishika mkono.

Mama hajaniona. Amekuja mpaka hapa kwa basi, hajaniona.

Jumatatu, 17 Juni

Asubuhi Mama ameniita nikae karibu yake. Nilijua ni kesi. Nikajiandaa kusingizia vipaza sauti.

Akanishika mikono. Akasema jana usiku hakulala kwa furaha. Akasema yule mwanamke waliyempa mwanzo, masikini, wasimpe tena, alikuwa anakwaruza, na shule kaifungua mara mbili. Yeye alikaa anaona aibu kwa niaba ya mama wa mwanamke huyo, popote alipo. Akawa anajiuliza mwanawe atatoka saa ngapi. Kisha jeneza likaja, akakumbuka alivyoambiwa na dada kwamba wa mle ndani ni mimi. Akaona kivuli cheupe kinainuka. Akasikia. Akasema hata urefu umeongezeka, jukwaa limenipendeza.

Halafu akaniomba radhi. Mama yangu aniombe radhi mimi! Akasema miaka yote ile alinikataza nisipaze sauti, na kumbe alikuwa ameifunika taa. Akalia. Mimi nikalia. Nilifungua mdomo kumwambia, haki ya Mungu nilifungua, na maneno yalikuwa yamefika hapa kooni. Akaniwahi. Akasema ameamua. Upasuaji atafanya. Dada ampeleke hospitali wiki ijayo, macho yote mawili, kisu kije, hajali tena, kwa sababu hataki afe akiwa amekiona kivuli tu. Nitakapoimba tena anataka kunitazama usoni.

Dada alikuwa anakoroga chai ambayo haina sukari. Yeye macho yake ni mazima, alikuwa kiti cha mbele, ameona kila kitu. Akanifuata jikoni, akasema yeye hatamwambia, si kazi yake. Ila nikumbuke daktari akishatoa bandeji hakuna pa kujificha. Nikamuuliza kama upasuaji huo hauwezi kusogezwa mbele. Akasema miaka saba amembembeleza Mama, na leo amekubali kwa sababu ya wimbo. Asisikie neno la kusogeza.

Nimeharibu mshono wa sare ya mtoto wa watu, nimeunga mkono mahali pa mfuko.

Ningemwambia Mama leo. Ningeingia tu pale sebuleni nikasema. Nimefika mlangoni mara kadhaa, na kila mara namkuta anauimba ule wimbo kwa sauti ndogo, maneno amekosea yote, ameshika mkono wa kiti. Na mara ya mwisho alinisikia hatua, akasema Jumapili, kabla ya kwenda hospitali, familia yote inakuja hapa kumwombea. Wajomba, mashangazi, wakwe. Anataka niwaimbie. Wimbo wote, pale pale sebuleni, ameshawapigia simu.

Nilikaa chini palepale kwenye kizingiti. Nilihisi kifuniko kinakuja.

Lakini akili haijaniacha. Nimemweleza Mama kwamba wimbo ule ni mzito, mwimbaji hauimbi akitazamana na watu, atapasuka. Nitaimba kutoka chumbani, mlango nimeurudisha, wao watasikiliza wakiwa wamefumba macho kwa heshima. Mama amependa sana, amesema ndivyo wakubwa wanavyofanya. Dirisha la chumbani ni pana, mtu anaweza kuingia na kutoka kwa upande wa uani bila kuonekana, hata awe mrefu. Nimeweka stuli nje. Mume wangu nimempa kazi ya kuziba mlango, ana uzoefu. Dada hajui, na hatajua.

Yote yamepangika. Bado Zumari tu hajaambiwa.